Nilihesabu kapu badala ya sahani: vitu vya jikoni kwa anayepunguza mwili, hapa hapa Tanga

MwenyeKapu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Shikamoo kwa wakubwa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mtu wa Ngamiani, umri 46, biashara yangu ni ya kukaa dukani kutwa. Nyumbani tupo watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wakubwa na mama yangu mzazi. Kapu nalishika mimi. Asubuhi nikitoka msikitini napita sokoni na baiskeli, na mwisho wa mwezi nachukua vya jumla: mchele, unga, mafuta, sukari. Mke wangu anapika nilicholeta. Hilo lishikeni.

Mwaka jana nilikwenda kupima presha, wakanipandisha na kwenye mizani. Kilo 97 kwa urefu wa sentimita 170. Muuguzi akagawa uzito kwa urefu mara urefu, akapata BMI 33 na ushee, akanionyesha bango ukutani: kuanzia 30 ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Neno lenyewe lilinichekesha. Nilipofika nyumbani nikavua shati mbele ya kioo, nikaona halichekeshi.

Nikafanya wanayofanya wengi. Niliingia mtandaoni, nikaandika orodha, nikaenda kwenye duka kubwa. Shayiri ya boksi (oats), siagi ya karanga, asali, mafuta ya zeituni, juisi iliyoandikwa haijaongezwa sukari. Juu yake nikanunua majani ya chai ya kupunguza tumbo kwa mtu wa mtandaoni ambaye simtaji. Wiki sita. Nikapanda mizani: kilo 98. Pesa imekwenda na kilo imekuja. Ile chai, nisiwafiche, ilichonipunguzia ni usingizi, maana nilikuwa chooni.

Baadaye nikaelewa nilikosea wapi. Shayiri kavu gramu 100 ina kalori kama 380. Unga wa dona gramu 100 una kama 360. Yaani nilikimbia ugali nikakimbilia ndugu yake wa boksi, tena nikamwagia asali, kijiko kikubwa kimoja kalori 60 na kitu. Siagi ya karanga kijiko kikubwa ni karibu 95, na mimi nilikuwa nalamba vitatu nikijiambia ni protini. Mafuta ya zeituni yana mazuri yake, sikatai, ila gramu moja ya mafuta yoyote ni kalori 9, yawe yametoka kwenye zeituni, alizeti, mawese au nazi. Wanga na protini ni 4 kwa gramu.

Aliyenitoa gizani ni kijana wangu, yuko kidato cha sita. Nilikuwa napima wali kwenye sahani kwa kijiko, nagombana na kila mtu mezani. Akaniambia, "Baba, sahani zipo tano na kila mtu ana mkono wake. Kapu liko moja. Hesabu kapu."

Tukakaa na daftari. Kwa mwezi nyumba yetu ilikuwa inaingiza mafuta ya kupikia lita 5, sukari kilo 6, nazi 45.

Lita ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, mara 9 ni kalori 8,280. Lita 5 ni 41,400. Gawa siku 30, gawa watu watano: kalori 276 kwa kichwa kila siku. Sukari kilo 6 ni gramu 40 kwa mtu kwa siku, vijiko vya chai kumi, kalori 155. Nazi iliyokomaa ina nyama gramu 300 hadi 400, na gramu 100 ni kalori 354. Nikachukua 1,200 kwa nazi moja, nikasema nusu yake imebaki kwenye chicha tunayowatupia kuku. Bado inakuja 180 kwa kichwa.

Jumla 611. Hapo hujaweka punje ya wali wala kipande cha samaki, na hayo ni mambo matatu ambayo hakuna mtu nyumbani kwangu aliyewahi kuyaita chakula! Ukimuuliza mtu umekula nini atakwambia wali na changu. Hatakwambia nimekula mafuta. Na ugali, ambao kila mtu alikuwa ananiambia niuache, haumo kwenye hesabu hiyo.

Basi nikapanga kabati upya. Naeleza jinsi lilivyo sasa.

Mafuta ni lita 2 kwa mwezi. Dumu linakaa juu ya kabati, halishuki jikoni. Kila Jumamosi najaza chupa ya nusu lita na hiyo ndiyo ya wiki nzima. Ukigawa, kila mtu anapata karibu kijiko kikubwa kimoja kwa siku, kalori 118 hivi. Chupa ikiisha Alhamisi, Alhamisi na Ijumaa asubuhi tunakula chukuchuku, samaki wa maji na chumvi na ndimu na pilipili, kama walivyokula wavuvi tangu zamani. Mwanzoni iliisha Jumanne. Siku hizi inafika Ijumaa na kubaki kidogo.

Nazi sikuiondoa, mimi ni mtu wa pwani. Zinaingia tatu kwa wiki. Kasimele, lile tui zito la kwanza, ni ya Ijumaa, kwenye wali. Siku nyingine mchicha na mbaazi zinaungwa kwa tui la pili na la tatu. Mama alinuna wiki mbili.

Sukari ni kilo 2. Badala yake kabati limejaa tangawizi, mchaichai, na iliki na mdalasini wa Amani ambao kwetu sisi ni wa kuokota tu ukilinganisha na wanavyouziwa wenzetu bara. Chai ikiwa na viungo vya kutosha ulimi hauulizi sana.

Samaki nachukua soko la samaki la Deep Sea mapema kabla jua halijapanda: changu, kolekole, kibua siku ambazo mfuko umekonda. Pweza nimempa cheo kipya, gramu 100 mbichi ni kalori 80 hivi na karibu yote ni protini, shibe yake inakupeleka mpaka magharibi. Mayai trei moja kwa wiki, yai moja kama kalori 70. Maharage, mbaazi, kunde na choroko nanunua kwa pishi, yanakaa kwenye ndoo zenye mfuniko na majani makavu ya mwarobaini juu. Jumapili tunachemsha sufuria kubwa ya maharage bila kuunga, tunagawa kwenye vikopo, tunatia kwenye friza. Siku ya uvivu kopo linatoka badala ya mtu kutumwa chipsi. Nadhani hivyo vikopo vimenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Mboga ni soko la Mgandini, mzigo wa Lushoto: kabichi, karoti, hoho. Matembele, mchunga na mchicha hazitoki mbali. Mchunga uchungu wake unatibiwa kwa nyanya nyingi na tui kidogo. Machungwa ya Muheza msimu ukifika nachukua kiroba, tunamenya na kula. Kukamua tumeacha, kwa sababu glasi moja inameza machungwa matatu au manne na hakuna anayekula machungwa manne akiwa amekaa.

Wanga haujaondoka: dona, mchele, viazi vitamu, magimbi, muhogo. Ila mchele una kikombe chake. Kikombe kimoja kikavu, gramu 200 hivi, ni cha watu watatu.

Karanga na korosho zinakaa chumbani kwa mama. Gramu 100 za karanga ni kalori zaidi ya 560, na mimi nikiziona siachi. Mama anatupimia kiganja. Hiyo kazi ameipenda.

---

Kinyozi wa Majengo

Nimetandika mkeka. Mkuu endelea.

---

BintPangani

MwenyeKapu shikamoo. Umeandika vizuri lakini nazi umeionea. Babu yangu Pangani alikula nazi asubuhi, mchana na jioni, amefariki na miaka zaidi ya 90, mwembamba kama mpini. Hawa wanene wa siku hizi wanakula mafuta ya dumu na soda, halafu lawama anabebeshwa mnazi.

---

MwenyeKapu

Marahaba binti. Babu yako alikuwa na duka la kukaa kwenye kiti cha plastiki? Maana wangu pia alikula nazi hivyo hivyo, lakini alikuwa anaziangua mwenyewe, anakwenda shamba kwa miguu na kurudi. Nazi ya babu ilikuwa na kazi ya kufanya. Yangu mimi inakuja kwa bajaji.

Na mnazi sijaulaumu, nimeuhesabu tu. Kama ningekuwa na cha kuacha kimoja, ningeacha soda na kubaki na tui.

---

Mstaafu wa Lishe

Nimefanya kazi ya lishe miaka mingi, sasa nimestaafu, naomba niongeze machache.

Hesabu ya mwanzisha uzi inakubalika. Kalori anazotaja ni zile kubwa, kilokalori, ndizo zinazoandikwa kwenye vifungashio. Kwa anayetaka tarakimu za vyakula vya kwetu, lipo jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Humo utakuta hadi vyakula vilivyopikwa kwa nazi.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, vijiko sita vya chai. Nyumba ya ndugu yetu ilikuwa kwenye 40. Asali inaingia kwenye hesabu hiyo hiyo, na juisi pia. Chumvi isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, kwa siku. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakipunguza mafuta hukimbilia achari, ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) na vile vipande vya mchuzi vya dukani. Presha haijali kalori.

BintPangani, mafuta ya nazi sehemu kubwa ni yale yanayoganda, ya jamii ya samli, na hayo yanashauriwa yasizidi asilimia 10 ya nishati. Kwa hiyo kupunguza si kuonea. Lakini mwenye uzi naye asije akafika kwenye sifuri. Mchicha, karoti na viazi vitamu vya njano vinahitaji mafuta kidogo kwenye mlo ndipo mwili uchukue vitamini A yake. Mboga ya kuchemsha bila tone la kitu unaipoteza nusu ya maana.

La mwisho, na hili ni zito. Mwenye sukari anayetumia sindano au vidonge asipunguze chakula kwa kusoma uzi. Dawa imepimwa kwa kile anachokula, ukipunguza kimoja na kuacha kingine, sukari inashuka na mtu anaanguka. Aende kliniki kwanza, wabadilishe vyote pamoja. Mjamzito na anayenyonyesha hawapo kwenye mada hii. Watoto hawapunguziwi chakula, wanapunguziwa soda na biskuti.

---

MwenyeKapu

Shikamoo mama (au baba, samahani). Nimeshukuru. La chumvi limenigusa, chukuchuku yangu ilikuwa na mkono mzito. Tutaongeza ndimu na embe bichi.

---

Simba wa Tambarare

Kalori ni mambo ya Wazungu. Mimi niliacha ugali na wali miezi miwili, nikala nyama choma na parachichi, nikashuka kilo 9. Wanga ndio sumu, acheni kuzungushana na vijiko.

---

MwenyeKapu

Hongera kwa kilo 9, sikupingi. Lakini niambie, sasa hivi unakula nini na una kilo ngapi?

---

Simba wa Tambarare

Nimerudia ugali. Zimerudi 7.

---

Kinyozi wa Majengo

😂😂😂

---

Getoni Chumbageni

Kaka zangu, nyie mna mke, friza na mama wa kutunza karanga. Mimi nakaa chumba kimoja, jiko la gesi la mtungi mdogo, sufuria mbili, friji sina. Asubuhi chai na vitumbua vinne vya njiani, mchana kwa mama ntilie, usiku chipsi mayai. Nina miaka 27 na nina kitambi cha diwani. Nianze wapi?

---

MwenyeKapu

Mdogo wangu, anza na huo usiku. Chipsi zimezama kwenye mafuta, zikaungwa na mayai ndani ya mafuta mengine, sahani moja haipungui kalori 700, halafu unalala. Sisemi usile milele. Ila nunua vitu vitano vinavyokaa bila friji: dagaa wakavu, mayai, choroko, unga, ndimu. Choroko nimeiweka kwa makusudi, haina haja ya kulowekwa usiku kucha na inaiva haraka, mtungi wako utakushukuru. Dagaa, wachambue vichwa, waoshe kwa maji ya moto, wachemshe na nyanya, kitunguu na pilipili, mwisho kijiko kimoja cha mafuta. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, hakuna nyama ya buchani inayoshindana naye kwa bei.

Tango, nyanya na machungwa nunua ya siku mbili mbili. Ukinunua ya wiki bila friji unanunua taka.

---

Kaka Digo

Ongeza bada. Unga wa muhogo unakaa, ugali wake ni dakika chache, kipande kidogo kinashikilia. Kwa dagaa wa ukwaju hutamani chipsi tena.

---

Mstaafu wa Lishe

Bada sawa, lakini muhogo hauna protini ya kutosha, asile na mchuzi mtupu. Lazima huyo dagaa awepo. Na vitumbua vinne vya asubuhi tumevisahau: mchele, nazi, sukari, halafu mafuta yanajaa kila kishimo cha chuma. Kula kimoja na mayai mawili ya kuchemsha. Mwenye kitumbua kimoja na mayai mawili hana njaa saa nne. Mwenye vitumbua vinne saa nne anatafuta mandazi.

---

Getoni Chumbageni

Mmenishika pabaya, ni kweli saa nne huwa natafuta mandazi. Na mama ntilie je?

---

BintPangani

Hilo nijibu mimi, nina shangazi anapika. Mwambie kabla hajapakua: wali nusu, maharage mara mbili, mboga nyingi, na lile rojo la juu linalong'aa asikumwagie. Hatakasirika, wali ndio unaomgharimu. Shangazi ana wateja wa hivyo, anawaita wagonjwa wangu 😄

---

Mwali wa Makorora

Samahani kaka MwenyeKapu, nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Wewe una raha, kapu liko mkononi mwako. Mimi naishi kwa mume pamoja na mama mkwe. Kapu analo mume, sufuria anayo mama. Mchuzi usiong'aa mama anasema nimemnyima mwanawe. Nimejifungua miaka miwili iliyopita na kilo 14 hazijaondoka. Mtoto nimeshamwachisha. Nikila kidogo naulizwa kama chakula ni kibaya. Nikipika chukuchuku ataniuliza kama nimefilisika. Mtu kama mimi anaweka nini jikoni?

---

Simba wa Tambarare

Mwambie mumeo aongee na mama yake.

---

BintPangani

Simba, wewe hujaolewa, kaa kimya.

Dada yangu Mwali, usimguse mama nazi yake. Fanya hivi, mimi nimefanya miaka mitatu na hakuna aliyejua. Mchuzi wa samaki unaanza na tui jepesi, si ndivyo? Kasimele inaingia mwisho, ukikaribia kuepua. Basi kabla hujaitia, teka upawa wako mmoja na kipande chako cha samaki, weka pembeni kwenye bakuli. Kisha mwaga kasimele, koroga, mchuzi ung'ae mama afurahi. Wewe umekula samaki yule yule, sufuria ile ile. Kwenye mchicha ni hivyo hivyo.

Wali wa nazi huwezi kuuteka, ule, lakini kwa kibakuli kidogo na mboga nyingi. Chapati ule moja tu, isukume nyembamba.

---

MwenyeKapu

Hii mimi sikuijua, na najifanya mtaalamu. Kwetu tungepunguza ugomvi wa wiki mbili.

Dada Mwali, mimi ningeongeza kitu kimoja tu: omba mumeo akuletee matango, karoti na papai au tikiti kwa wingi, useme ni ya mtoto. Hakuna mama mkwe anayekataza tunda la mjukuu. Tikiti gramu 100 ni kalori 30, papai ni 43. Kitu cha kutafuna kiwepo wakati wenzako wanafungua biskuti. Na usile kidogo mbele yao. Kula sahani iliyojaa, ila nusu iwe mboga. Macho ya mezani yanahesabu ujazo, hayajui kalori.

---

Mwali wa Makorora

Dada BintPangani nimecheka peke yangu jikoni. Kesho ni changu. Nitaleta majibu.

---

Bagamoyo Kwetu

Salaam kutoka Bagamoyo. Huku mambo ni yale yale, ukitoka ufukweni na samaki mbichi unakutana na karai la mafuta hata hujafika barabarani. Swali langu ni la Ramadhani. Miezi mingine naweza kujizuia, lakini futari inanimaliza. Unafunga kutwa na mwezi unaisha una kilo zaidi. Wewe kapu la Ramadhani ulilifanyaje?

---

MwenyeKapu

Hapo umenigonga, ndugu yangu. Ramadhani iliyopita nilipanda kilo mbili na nilikuwa tayari na daftari langu. Nikueleze zilitoka wapi.

Wiki ya mwisho ya Shaabani mtu anaingia sokoni kama nyumba inajiandaa na vita. Mimi huyu huyu nilirudi na sukari kilo 5, mafuta dumu zima, tambi, unga wa ngano wa kaimati, nazi kiroba. Chupa ya nusu lita niliifungia kabatini mwenyewe, nikasema mwezi mtukufu hauna daftari. Magharibi tunaanza na tende, uji wa pilipili manga wenye sukari ya kusimamisha kijiko, muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati, samaki wa kukaanga, na bado baada ya tarawehe mtu anauliza daku ni wali wa nini. Vitu vinne vya wanga kwenye mkeka mmoja, vyote vimeogeshwa nazi au sukari. Siku ya kawaida hakuna nyumba inayopika hivyo.

Mwaka huu nilibadilisha hivi. Tende zimebaki, tatu, tende moja ndogo ni kalori 20 hivi, hazina ugomvi. Uji umebaki, lakini sukari inakuja mezani, haipikwi ndani, kila mtu na kijiko chake. Ajabu ya hili ni kwamba mama, aliyekuwa anataka utamu kuliko sote, alitia kijiko kimoja akasema unatosha. Ilikuwa ni mazoea ya mpishi, si ya mlaji. Kitu cha nazi ni kimoja kwa usiku: leo muhogo, kesho magimbi, keshokutwa mbaazi. Kaimati na tambi ni za Alhamisi na Jumamosi. Katikati ya mkeka nikaweka supu ya pweza au ya samaki, ya ndimu, inaanza kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye kiu ya kutwa akijaza tumbo supu na maji, mkono kwenye muhogo unakuwa mpole.

Daku tukala kitu cha kukaa tumboni: maharage au mayai, ugali mdogo wa dona, mtindi. Mtindi hapa Tanga tuna bahati nao, ng'ombe wa maziwa wapo mpaka kata za mjini.

Nilimaliza mwezi pale pale nilipoanzia. Sikupungua, sikuongezeka. Mimi nilichinja kuku kwa furaha.

---

Mstaafu wa Lishe

Kubaki pale pale Ramadhani si jambo dogo. Wengi waliokuja kliniki kwangu baada ya Idi walikuwa wanaangalia chini.

---

Getoni Chumbageni

Ripoti ya siku nne: chipsi mara moja tu. Choroko nimeiunguza jana. Dagaa wamekubali. Mwenye nyumba amelalamika harufu.

---

Bagamoyo Kwetu

Shukrani sana mkuu. Na sasa una kilo ngapi? Usitufiche.

---

MwenyeKapu

Sifichi. Tangu nianze daftari nimetoka 98 nikafika 86, nimekwama hapo karibu miezi miwili sasa. Miezi mitatu ya kwanza ilishuka haraka, karibu nusu kilo kwa wiki, baadaye ikawa ya kuvizia. Nimegundua pa kuvuja ni dukani kwangu: chai ya saa nne naletewa na kijana wa jirani, imeshatiwa sukari vijiko vitatu, na mimi naichukua kwa sababu ni ya bure. Nataka niwe naondoka na chupa yangu ya chai nyumbani. Presha imeshuka lakini dawa bado natumia, daktari ndiye atakayesema.

---

Mwali wa Makorora

Nimerudi. Changu alipikwa, upawa uliteka, bakuli likafichwa nyuma ya ndoo. Mama mkwe akaliona. Akaniuliza la nani. Nikasema la kwangu, mama, tumbo langu halipendi nazi nyingi siku hizi. Akanyamaza. Usiku akaniambia na yeye kiungulia kinamsumbua muda, kesho nimtekee na yake.

---

BintPangani

Allahu akbar 😂 Mwali sasa kapu linakuja lenyewe.

---

Kinyozi wa Majengo

MwenyeKapu, swali dogo. Hiyo chupa ya mafuta ya wiki ni chupa gani? Nikimpa mke wangu chupa ya kawaida anamimina kama maji ya udhu.

---

MwenyeKapu

Chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita. Kifuniko nimekitoboa tundu moja kwa msumari mdogo wa moto. Ukiibana inatoka nyembamba kama uzi, mtu anachoka kubana kabla sufuria haijajaa. Ibadilishe kila mwezi, ikikaa inanuka.

Mama kasomewa uzi huu na mjukuu wake. Anauliza nani kaandika kwamba alinuna wiki mbili, zilikuwa siku tatu. Naitwa nikakune nazi, leo Ijumaa.